Kura Yangu Imerudi Dagoretti

Dagoretti Corner,
S.L.P. 2184,
Nairobi.
29 Julai 2007

Mpendwa shemeji Muindi,

Ni mimi Thuo, miaka sabini na tisa, na naandika kwa mkono wangu mwenyewe. Nimepita Hali ya Hatari ya mkoloni, nimepita ule mlolongo wa kupiga kura wa mwaka wa themanini na nane, nimezika bibi mmoja na madaktari wawili waliosema sitamaliza mwaka. Kwa hivyo hali yangu ni nzuri. Goti linauma kukiwa na baridi tu. Wewe na dada yangu Muthoni mko aje huko Voi? Kifua chako kimepoa? Mbuzi wanapata maji?

Najua mtoto wangu Waweru alikupigia simu. Alikuambia nimemdanganya miezi mingi na nimemwaibisha mbele ya watu wa kura. Sasa soma yangu pia, kwa sababu wewe ndiye ulimwambia asiniache nirudi kwangu Dagoretti.

Unakumbuka Agosti ya mwaka jana goti lilifura, Waweru akanichukua akanipeleka kwake Karen. Sikatai, alinitunza. Janice bibi yake anapika vizuri, ni chumvi tu anaogopa. Lakini Karen ni miti na mageti. Unaweza kumaliza wiki bila kusikia mtu barabarani akiita jina lako.

Kuna kitu sikumwambia Waweru. Goti lilipopoa, mwezi wa Novemba, daktari alisema nitembee. Basi wao wakishaenda kazini mjini, mimi natembea mpaka barabarani, napanda gari mpaka Dagoretti Corner, nakaa kwa kibanda changu kile kile, nanoa kwa tupa misumeno ya mafundi wa fanicha. Saa tisa niko njiani kurudi. Jioni Waweru anauliza, "Baba, ulitembea?" Nasema nilitembea. Huo si uongo. Na mafundi wangefanya nini bila mimi? Msumeno nikiunoa unakata mbao ngumu kama mkate, mkono kama huu hauko tena Nairobi nzima.

Fundi wa vitanda jirani yangu anaitwa Odero, ana redio. Mwezi huu wakili mmoja alikuwa akieleza Katiba na uchaguzi wa Desemba. Alisema mtu hawi rais kwa wingi wa kura peke yake, lazima apate robo katika mikoa mitano kati ya ile minane. Na tena lazima awe amechaguliwa mbunge, awe na mahali pake. Hiyo ya mwisho niliipenda sana. Jioni nikamwambia Waweru, "Hata anayetaka Ikulu, Katiba inamuuliza kwanza yeye ni mbunge wa wapi. Mimi ni wa wapi?"

Waweru akasema, "Baba, wewe ni wa Karen. Unalala Karen, unakula Karen, hata kura yako iko Karen. Ulitia sahihi mwenyewe."

Shemeji, ni kweli. Mwezi wa tatu alinipeleka kwa makarani wa kura, wakanisukumia karatasi, wakauliza kama nimeisoma. Nikasema nimeisoma. Miwani ilikuwa nyumbani. Kumbe ilikuwa ya kuhamisha kura yangu, mimi niliyepiga kura Dagoretti tangu uhuru.

Tulibishana mpaka chai ikapoa. Mwishowe akasema, "Jumamosi nitakupeleka Dagoretti. Karani akikuandika huko, nakurudisha kwako na sitasema neno. Akikukataa, hiyo maneno ya kurudi iishe kabisa." Alijua sheria inataka mtu awe amekaa mahali miezi mitano katika mwaka mmoja, na mwaka wote nimelala kwake. Nikakubali.

Jumamosi tukapanga foleni kwenye shule ya Dagoretti wanapoandikisha kura. Karani alikuwa msichana wa Kikamba kama wewe, anaitwa Syokau, mwenye heshima. Akauliza ninalala wapi. Nikasema Karen. Tangu lini? Tangu Agosti. Akaweka kalamu chini. "Pole mzee, hapa haiwezekani."

Waweru akanishika mkono twende. Nikamwambia karani, "Soma yote, mama. Usisome nusu." Akafungua kitabu akasoma: awe amekaa hapo miezi mitano, au awe na ardhi au nyumba hapo, au amefanya kazi au biashara hapo kwa muda huo.

"Nyumba unayo?" akauliza.

Waweru akajibu kabla yangu, "Nyumba ni yangu." Na ni yake, nilimwandikia mwenyewe. Lakini hilo neno liliniingia.

Ikabaki biashara. Nikisema, siri imeisha. Nikinyamaza, nimeisha mimi. Nikasema, "Biashara ninayo. Nanoa misumeno hapo Corner, kila siku ya kazi, tangu Novemba."

"Anaota," Waweru akamwambia karani. "Huyu anashinda kwangu."

Hapo nyuma kwenye foleni mtu akapaza sauti, "Mzee wa tupa! Si ulisema msumeno wangu utakuwa tayari leo? Ama umekuwa mheshimiwa?" Ni Odero. Watu wakacheka. Karani akamuuliza kama ananijua. Odero akasema, "Madam, nakaa naye kila siku tangu kabla ya Krismasi. Ananoa vizuri, lakini anajisifu kuliko redio."

Waweru akaangalia vidole vyangu. Ule weusi wa vumbi la chuma, alikuwa akidhani ni udongo wa maua ya Janice.

"Baba, ungeniambia."

"Ungenikataza."

"Ningekukataza," akasema. Yeye pia hasemi uongo, amenifuata mimi.

Safari hii nilivaa miwani kwanza, nikasoma karatasi polepole mpaka mwisho, foleni ikanung'unika ikachoka. Halafu nikaandika jina langu.

Jumapili Waweru alileta kitanda changu kwa pikapu. Alifungua kufuli mwenyewe, akaangalia paa, akaangalia dirisha, akaniwekea ufunguo mkononi. Hakusema neno, kama alivyoahidi. Lakini alikaa kwa gari kitambo kabla ya kuliwasha. Nimemwambia kila Jumapili nitakula kwake. Basi na wewe, shemeji, usimpigie tena kumgeuza. Mpigie umwambie amefanya vizuri, kwa maana mimi hawezi kuniuliza.

Msalimie Muthoni, na mjukuu wenu Stacy, na wote wa hapo Voi. Mungu awalinde mpaka tuonane, na awape mvua.

Ni mimi shemeji yako asiyekusahau,
Thuo wa Mungai

Ukiwa na shaka, Odero yuko hapa Corner na msumeno wake amepata. Syokau karani aliandika kila kitu kwa kitabu. Na muulize Waweru, alikuwa amesimama karibu kuliko wote.