Mchana Walionificha

Mkumbi, Mbinga

Mdogo wangu Tabita,

Shikamoo yako nimeshaiitikia, marahaba, tusipoteze muda. Miguu inaendeleaje? Na yule mbuzi mweupe amezaa, au bado anatudanganya na tumbo lake? Mimi mwili ni mzima. Macho ni yale yale, giza tupu. Roho ndiyo haitulii, ndiyo maana nimemkalisha mwanangu Stela hapa na kalamu. Mimi nasema, yeye anaandika. Nimemwambia asipunguze hata neno, maana mengi yanamhusu yeye. Kwa simu sikutaka. Wajukuu zako wanaweka sauti kubwa, Liuli nzima inasikiliza, halafu salio linakatika kabla sijamaliza kukasirika.

Tangu wanilete huku milimani, usiku ulikuwa mrefu mno. Naamka, nauliza, "Stela, kumekucha?" Ananijibu, "Bado, mama, lala." Nalala tena mpaka mbavu zinauma. Huko kwetu ziwani nisingemuuliza mtu. Jua likikuchoma bega unajua saa, mchanga ukiunguza nyayo unajua mchana umefika. Huku ukungu unashuka mpaka mlangoni. Asubuhi baridi, mchana baridi, ngozi haina la kukuambia. Redio nayo ikawa haina betri kila siku. Nikasema basi, ni uzee, usingizi umeniharibikia.

Mwezi uliopita tukashuka Mbinga mjini. Stela aliniacha dukani kwa Bi Zuhura, yule mama wa Kiislamu anayeuza khanga na simu, akaenda sokoni kutafuta magunia. Zuhura ananiita bibi harusi, mimi namwita mwizi, tunapatana. Akatoa simu ya kupangusa ambayo kioo kimepasuka, hakuna anayeinunua. Nikamwambia, "Kimepasuka kwa nani? Kwangu mimi vioo vyote ni sawa." Alicheka mpaka akakohoa. Kumbe ndani ya simu kunawekwa programu ya wasioona, saa inayosema. Unagonga kioo mara mbili kwa kidole, mwanamke anakutajia saa, tena Kiswahili kizuri kuliko changu. Zuhura akaniambia, "Nimekuwekea saa zetu, si zile za kizungu." Nikaiingiza kifuani, nikarudi nayo kimya.

Kesho yake nikaamka, nikauliza kama kawaida. "Bado, mama. Ni alfajiri." Nikapeleka mkono chini ya mto, nikagonga. Yule mwanamke akasema, "Saa nne na dakika tano."

Stela akasema, "Hiyo inahesabu kizungu, mama. Saa nne yao ndiyo saa kumi yetu ya alfajiri. Lala."

Akili anayo, huyu mtoto. Nami nikasita, nikawaza labda kidole cha Zuhura kiliteleza. Nikajilaza. Mara watoto wa shule ya hapo bondeni wakatoka kunywa uji, makelele kama ndege wamevamia mtama. Nikauliza, "Stela, na hao wanakunywa uji saa kumi alfajiri?"

Usinicheke, Tabita. Nilivaa gauni nyuma mbele, nikaenda kukaa mlangoni. Nikamwambia, "Nimekuzaa, nimekubeba mgongoni, nawe unanificha mchana?" Mumewe, Baba Oska, alikuwa amerudi kuchukua ndoo. Akasema, "Mama mkwe, ni kwa usalama wako." Nikamwambia, "Wewe ngoja, zamu yako inakuja." Akaondoka bila ndoo.

Stela akalia. Unajua Wamatengo wanavyolima, mlima mzima wameuchimba mashimo ya ngoro kuzuia maji. Mazuri kwa maharage, mabaya kwa kipofu, na hapa yanaanzia nyuma ya jiko. Nilipokuwa mgeni nilitoka peke yangu kutafuta jua, nikatumbukia. Nilipiga kelele mpaka sauti ikaisha, na wote walikuwa kwenye kahawa. "Tulipokukuta nilidhani umekufa, mama," akasema. "Na kahawa imeiva, hatuna wa kukuachia. Nikaona ukiwa umelala hutaanguka."

Nilimkumbatia, ni mwanangu. Kisha nikamwambia sijamsamehe, nitamsamehe nikishakula. Nikala, nikamsamehe. Lakini kukaa hapa siwezi tena.

Nataka kurudi Liuli, nyumbani kwangu, pale uani kwako. Pale nikianguka naangukia mchanga. Stela anasema, "Mama mdogo akikubali kukuangalia, nenda. Akikataa, unabaki." Kwa hiyo neno liko kwako. Tena najua ulimwambia anishikilie huku huku. Usikane. Hapa Stela ameguna, nimemwambia aandike kwamba ameguna.

Kila gari likiunguruma huko barabarani nasimama. Nguo nimezifunga, baridi ikanifanya nizifungue, nimezifunga tena. Simu naigonga mpaka Baba Oska anasema yule mwanamke atanitukana.

Msalimie mumeo Yohana, shemeji yangu mvivu, mwambie ile kamba aliyoahidi, ya kutoka mlangoni kwangu mpaka chooni, sasa aifunge. Msalimie wifi yetu Edina na kwaya yake. Wajukuu zako wabusu, kisha wakemee kwa ajili ya simu.

Stela ameweka kalamu chini, anajifuta machozi. Nimemwambia aishike, sijamaliza.

Tabita, sikuombi unibebe. Nitapika ugali wangu wa muhogo, mara nyingine nitauunguza. Iko siku utachoka nami, utataka nikae ndani ili upumue. Siku hiyo njoo useme, "Dada, umenichosha, kaa ndani." Nitakutukana, kisha nitakaa. Lakini kama jua liko nje, usiniambie ni usiku.

Nijibu haraka.

Dada yako aliyekulea,
Mariamu