Wankuru Alipoingia Kwenye Igizo

Oduol uko wapi. Nimetoka Matongo sasa hivi, sijui uso niuweke wapi.

Unalijua lile igizo letu la haki ya wanawake kwenye ardhi. Mimi ndiye mume anayeuza shamba kwa wachimba dhahabu bila mke kujua. Leo nimecheza vizuri, watu wamenizomea mpaka nikafurahi.

Halafu Jerioth, kiongozi wetu, akasimamisha igizo kama kawaida. Akauliza nani kati ya watazamaji aje achukue nafasi ya mke, atuonyeshe yeye angefanya nini.

Akasimama Wankuru. Mke wangu, Oduol. Wankuru ambaye hata kanisani haombi kwa sauti.

Akaja mpaka mbele yangu na jembe lake. Akasema taratibu, "Baba Robi, leo nimekuta watu wanachimba kwenye mihogo yangu. Ile karatasi niliyoweka dole gumba, ukaniambia ni ya mbolea. Ilikuwa ya nini?"

Ilikuwa ya nini. Mbele ya kijiji kizima.

Nikaangalia chini. Watu wakapiga makofi. Jerioth akasema, "Mnaona anavyoigiza aibu."

Makofi, Oduol. Na wewe ndiye uliyesaini ile karatasi kama shahidi, kwa hiyo usijifanye hujasoma hii.

Jerioth amemwomba ajiunge na kikundi, Jumamosi tunacheza kijiji cha Nyangoto. Nilijua atakataa.

Amekubali. Amesema atacheza kila kijiji mpaka nimjibu.