Uzi Kuzunguka Kichwa

Dada mpenzi,

Ulinisihi nipumzike mpaka muhula ujao, lakini unanijua nilivyo mbishi. Leo, siku ya kufungua shule, somo la hesabu nimelianza kwa mchezo: kila mtoto akate uzi wa kimo chake, kisha akisie utazunguka kichwa chake mara ngapi. Wengine walisema sita, wengine kumi. Walipopima wakabaki kucheka, maana karibu wote walipata mara tatu.

Binti wa dawati la mbele akauliza, "Na wewe, mwalimu?"

Nikasita, kisha nikavua kilemba. Tangu dawa za hospitali zininyonyoe nywele, hata wewe sijakuonyesha kichwa hiki. Binti akapima taratibu.

"Mara tatu," akawaambia wenzake. "Kama sisi."

Kesho sivai kilemba.

Mdogo wako