Mpira Niliouweka Chini ya Kihisi

Shikamoo Fundi Mbaruku. Najua huitikii tena.

Jana nimempiga mtu. Msaidizi wa meneja alisimama mlangoni mwa banda la helikopta akasema umekufa kwa uzembe wako, eti ulitia saini bila kukagua. Nikamkwida shati, nikamgongesha uso kwenye meza ya spana mpaka damu ikamtoka puani. Wamenifukuza. Ulizoea kuniambia, "Mwanahawa, mkono wako mwepesi kuliko akili yako."

Nilimpiga ili nisiseme, Fundi.

Unakikumbuka kile kihisi, kidude tunachokifunga kwenye giaboksi kipime mtetemo wake? Siku ya kwanza ulinikwangulisha rangi mpaka chuma kikang'aa. "Chuma kwa chuma, mwanangu. Ukikitandikia godoro kitalala." Nikacheka. Ulipokwenda Mwera kumzika shangazi yako, nikakuta chumvi ya bahari imeanza kula chuma pale. Nikakata kipande cha tyubu ya baiskeli, nikakiweka chini ya kihisi kizuie chumvi, nikakaza. Nilijiona mjanja! Uliporudi nikakwambia nimepasafisha tu. Ukaniamini.

Wiki ile vipimo vilionyesha mtetemo mdogo kuliko siku zote. Ukafurahi, ukasema giaboksi imetulia. Kumbe ilikuwa inajitafuna, na mpira wangu unameza kishindo chote. Ukatia saini, ukapanda mwenyewe kwenye safari ya majaribio. Juu ya mashamba ya mkonge gia zikapasuka, vyuma vikatoboa dari vikakukata kabla hamjafika chini. Rubani ametoka na mguu mmoja. Wewe nilikutambua kwa mkono, ule wenye kovu la bisibisi. Mungu wangu, Fundi, mkono tu.

Mama yako yuko Nguvumali, majirani wanamnong'ona. Nilipokwenda kumpa pole alinishika viganja akaniuliza, "Mwanangu hakuwa mzembe, au siyo?" Nikalia tu. Akadhani ni uchungu, akanifuta machozi kwa kanga yake.

Njia ya mwongo ni fupi, na yangu imeishia hapo kwenye kanga ya mama yako.

Tyubu iliyobaki ninayo, pale nilipokata panaonekana. Kesho asubuhi naipeleka kwake kwanza, kisha kwa wachunguzi. Nitawaambia wote kwamba ulikagua, na kwamba mimi ndiye niliyekudanganya.

Pumzika, Fundi wangu. Mama akinipiga, sitainua mkono.

Mwanahawa