Mlango Niliofunga Mchana

Nangwa, Jumanne

Aibu bado haijanitoka. Leo mchana nilijilaza, nikafunga mlango kwa komeo kama nilivyozoea Dar. Nilisahau kwamba huku mlango haufungwi mchana mtu akiwa ndani. Ukifungwa, kuna jambo.

Niliamshwa na kishindo. Mama Paskalina, jirani yetu wa tangu utoto wangu, alikuwa anausukuma mlango kwa bega, na nilipofungua nikaona majirani wamejaa uani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Unaumwa?"

"Hapana, nililala tu."

"Sasa ulikuwa unamfungia nani?"

Niliwakaribisha wote ndani. Hawakuondoka. Tulipika makande, tukacheka mpaka jioni, kama enzi za marehemu mama.

Mwaka jana kule Dar niliugua homa, nikajifungia siku kadhaa. Nilisikia wapangaji wenzangu wakipita koridoni. Hakuna aliyebisha hodi. Siwalaumu, hata mimi majina yao siyajui. Kodi ikipanda, kila mtu anahama kivyake.

Jumamosi narudi, na kodi imepanda tena. Nitatafuta chumba kingine, majirani wengine.

Siku nisipoamka kule, wa kwanza kugonga atakuwa mwenye nyumba, na atakuwa amefuata kodi.