Viatu Vyangu Hupati, Aika

Aika, mtani wangu uliyetangulia,

Sikuamkii wala sikuulizi hali. Nimekukasirikia tangu siku tulipokuzika kwenu Uchagani, na hasira hii nimeilea miezi mitatu. Leo naitoa. Atakayetaka kuisoma barua hii na aisome, sina cha kuficha tena.

Watu walinitazama, Aika. Unajua walichokuwa wakingoja. Mpare akienda kwenye msiba wa Mchaga haendi kulia tu, ana kazi yake: amwige marehemu, amtukane, adai vitu vyake, mpaka waliofiwa wacheke katikati ya machozi. Wanao walinipisha karibu na jeneza. Yule mkubwa akaninong'oneza, "Mama mdogo, anza basi." Nikafungua mdomo nianze, nikaangua kilio. Nilikaa mkekani na waombolezaji wengine mpaka tukaenda kaburini. Mtani mzima! Sijawahi kuona aibu kama ile.

Na wewe ndiye uliyenifundisha kazi yenyewe, juu ya jabali la kwetu Vudee, enzi za Mwingereza, tulipokuwa wasichana wa shule.

Unakumbuka ilivyoanza. Likizo ile ya kiangazi ulikuja kwetu badala ya kwenda kwenu. Tulishuka garimoshi Same, tukapanda mlima kwa miguu siku nzima, wewe, mimi na Namkunda tuliyesoma naye darasa moja. Hata vumbi hujanawa, ukaanza. "Shikamoo, mama. Nimeambiwa huku kuna milima, mbona naona matuta ya viazi?" Mama alicheka. Mimi sikucheka hata kidogo. Nikakujibu kwamba huo mlima wenu wa theluji mnautazama tu kutoka mlangoni, sisi wetu tunaukwea kwa mikono. Na kwa kuwa mdomo wangu hauna mlango, nikalitaja jabali lililo juu ya shamba letu, ukuta mtupu, ambalo ukifika kileleni unaiona Same yote na garimoshi likipita.

"Twende kesho," ukasema.

Ningesema naumwa. Sikusema.

Namkunda alileta kamba ya katani, maana baba yake alifanya kazi kwenye shamba la mkonge. Akatuambia nyuma ya jabali kuna njia ya mbuzi, tukamcheka. Tukavua viatu vyetu vyeusi vya shule, tukamwachia avilinde. Ulitangulia wewe, kamba kiunoni, gauni umelikunja na kulifunga kwa kanga, ukapanda mpaka ukatupotea machoni. Kisha ukaita kutoka juu, "Nimefunga! Njoo!"

"Umefunga kwenye mti?"

"Panda wewe! Wapare kwa maswali! Unadhani hapa ni bomani kwenye kesi?"

Nikajifunga ncha ya chini, nikapanda. Mwanzo ulikwenda vizuri, hata nikaanza kuringa. Nilipofika katikati, jiwe nililolikanyaga likang'oka. Nililisikia likigonga mwamba, kisha kimya, kisha likagonga tena mbali sana chini. Mguu wa kulia ulikuwa hewani. Wa kushoto ulikanyaga pahali pasipozidi upana wa vidole vitatu. Kupanda siwezi, kushuka siwezi.

"Nivute, Aika!"

Hukunivuta.

"Nivute, nakufa!"

Kamba ilikaza kidogo, lakini haikunipandisha hata shubiri moja. Nilikuchukia saa ile, nakuambia kweli. Ukungu ulikuwa unashuka kutoka msituni na mwamba ukaanza kulowa. Chini Namkunda alisali kwa sauti, halafu akaanza kunibembeleza, "Nakijwa mwenzangu, usiogope, Mungu yupo." Kila aliponibembeleza nilizidi kuamini nakufa. Kwetu anayesemeshwa kwa upole namna ile ni mgonjwa wa kukata roho.

Ndipo nikakusikia unalia. Kilio cha msibani, kile cha uongo.

"Uuuwi! Wapare, poleni na msiba! Marehemu Nakijwa alikuwa mtu wa kesi, jamani! Hata alipofia alikuwa akilishtaki jiwe!"

"Aika, nyamaza!"

"Kichwa chake kilikuwa kikubwa, fundi wa jeneza aambiwe mapema! Na kwaya je? Akiimba, mbuzi walikuwa wanavunja zizi!" Ukaniiga ninavyoimba, kwa pua. "Namkunda! Nitunzie viatu vyake, kuanzia leo ni vyangu. Yeye aende mbinguni pekupeku, si amezoea?"

Viatu vile vilikuwa vya kwanza maishani mwangu. Usiku nilikuwa nikivilaza kitandani.

"Viatu vyangu hupati!" nikapiga kelele, na mkono wangu ukawa umeshika pa juu zaidi. "Hupati, Mchaga wee!"

"Marehemu anasemaje? Simsikii, asogee!"

Nikasogea. Mguu ukapata pa kukanyaga. Nilikutukana tusi baada ya tusi, mengine sikujua kama nayajua, na kila tusi nikapanda, mpaka nikaziona nyayo zako.

Nilifika nimekunja ngumi. Nikautafuta mti. Hapakuwa na mti, Aika. Palikuwa na mwamba mtupu, na wewe umekaa, visigino umevibana kwenye ufa, kamba imekuzunguka kiunoni, viganja vimechunika vinatoka damu. Ungenivuta, ungeteleza. Ningeanguka, tungeanguka sote. Na muda wote ule ulikuwa unatania!

"Mbona hukuniambia hakuna mti?"

"Ungepanda?"

Garimoshi hatukuliona, ukungu ulifunika kila kitu. Tulishuka kwa njia ya mbuzi. Jioni mama alikupaka samli viganjani, akakuuliza umefanya nini. "Nilikuwa nashikilia ng'ombe wenu mmoja, mama," ukamjibu. "Mkaidi huyo!" Ukanikonyeza. Nilitoka nje nikalie.

Basi ndiyo sababu, pale msibani, sauti haikutoka. Watu walitaka nikuigize, na mimi nilikuwa naviona viganja vyako tu. Siku ile sauti yako haikuonyesha hofu hata mara moja, ingawa kifo changu kilikuwa chako pia. Mimi nilikuwa nimekaa salama mkekani, nikashindwa. Nisamehe, mwenzangu. Nimechelewa, lakini sasa naanza.

Wachaga, poleni na msiba! Marehemu Aika alikuwa mwongo: alisema amefunga, kumbe amejifunga yeye. Alipenda vya watu, hata viatu vya maiti ambayo haijafa. Akicheka, pombe ya mbege ilimwagika kibuyuni. Na akili hakuwa nayo, jamani, tusimsifu bure. Mwenye akili hutafuta mti. Huyu alijitia kamba kiunoni kwa ajili ya Mpare mmoja mwenye kichwa kikubwa, akakaa pale pale, asiifungue.

Wanao nitawasomea hii nikija, wacheke.

Nenda, mjinga wangu. Umetangulia tena kama siku ile. Ukiniita kutoka huko juu useme umefunga, nitakuja, na safari hii sitauliza mti.

Mimi mtani wako,
yule ng'ombe mkaidi wa Vudee