Lugha za Tumbo Moja

Kaka yangu mpendwa,

Pokea salamu zangu na za Mama. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na wifi na watoto, na kwamba kile kikohozi nilichokisikia kwenye simu kimekuachia. Sisi huku tunapumua. Mama anakula kidogo, analala kidogo, na kila asubuhi bado anapanga viatu vya Baba mlangoni. Nimemwacha apange.

Utashangaa nimeandika wakati simu ninayo. Kwenye simu, kaka, unanijibu kabla sijamaliza, lakini karatasi huwezi kuikatiza. Basi kaa kitako usome mpaka mwisho, hasira zako zisubiri nje kidogo.

Mazishi yalikwenda vizuri. Hata mkurugenzi wa redio aliyoitumikia Baba alikuja, akatoa hotuba ndefu ambayo Baba angeikata katikati akasoma hali ya hewa. Na lile agizo lako lilitekelezwa. Uliposema, tena simu ikiwa kwenye spika mbele ya baba mdogo na watu wote, kwamba Pacha, yule msomaji mwenzake wa habari, asisogelee kaburi la mtu ambaye yeye ndiye aliyemuua kwa majonzi, vijana walikwenda kumzuia langoni. Hakubishana nao. Alivua kofia, akasimama upande wa barabarani, juani, mpaka udongo wa mwisho. Nilimwona, na nikuambie kweli, nilifurahi.

Wewe uliondoka kabla sijaanza kazi pale redioni, kwa hiyo hukuwahi kumwona Baba na wenzake wakiwa mezani. Mimi niliwaona kila siku kupitia kioo cha chumba cha mitambo. Wasomaji watano, lugha tano, meza moja. Yule mtaalamu aliyekuja kuwarekodi alisema hizo tano ni kikundi kimoja kidogo ndani ya lugha za Kibantu, na Baba akamjibu kwamba hilo bibi yake alilijua bila kwenda chuo. Habari zilikuja kwa Kiswahili. Baba alikaa mwisho wa kushoto, yeye ndiye aliyetafsiri kwanza. Akishasoma, karatasi aliisukuma kulia kwa Pacha, naye akabadilisha maneno hapa na pale, akasoma kwa lugha yake, akaisukuma mbele. Ikimfikia wa tano imejaa mikwaruzo na madoa ya chai, lakini ujumbe ni ule ule. Matangazo ya vifo yalipita hivyo hivyo, ndiyo maana msiba wowote wa kwetu ulijulikana mpaka ng'ambo ya mto.

Na walivyokuwa wakiongea wale wawili! Baba alisema kwa lugha yetu, Pacha akajibu kwa yake, na hakuna aliyewahi kuhamia kwa mwenzake. Hata kutaniana ilikuwa hivyo. Baba alikuwa akimwambia kwamba lugha yake ni ya kwetu iliyoachwa juani ikapinda, na Pacha anamjibu kwamba afadhali kupinda kuliko kudumaa.

Kisha ukaja ule uamuzi kwamba lugha zote tano zitasomewa habari kwa moja, kwa sababu wenyewe wanaelewana. Ikachaguliwa ya Pacha, yenye watu wengi. Sote tulisema ni yeye aliyekwenda kunong'ona ofisini. Wewe ulisema, mimi nilisema, kijiji kizima kilisema. Baba alirudi nyumbani na mto wa kiti chake kwapani, na tangu siku hiyo hakugusa redio. Shangazi naye aliifunga yake kwenye kitambaa akaiweka sandukuni. Nilipomuuliza kwa nini, wakati salamu na hesabu zinafanana, alisema ni sawa na kusikiliza majirani kupitia ukutani, unajua wanagombana lakini hujui wanagombania nini. Kifo cha kaka yake kilitangazwa redioni, kaka, na yeye hakusikia. Aliambiwa na mpita njia.

Sasa ndipo penye uzito.

Tuliporudi kutoka makaburini, Mama alikataa kukaa. Aliniita chumbani, akafunga mlango, akaniuliza ni nani aliyemwacha Pacha juani. Nikamwambia ni agizo lako. Akaketi kitandani, upande wa Baba, akalia mpaka nikaogopa. Kisha akanieleza.

Kabla ya ule uamuzi, kulikuja mama mmoja kutoka makao makuu. Aliwaweka wasomaji wote watano kikaoni, akauliza kama watu wa lugha hizi wanaelewana. Baba alidhani wanataka kuwaongezea muda wa matangazo. Akasimama, unamjua Baba akipewa jukwaa, akaanza ule wimbo wake kwamba hizi ni lugha za tumbo moja, ajuaye moja hahitaji mkalimani kwa nyingine. Akahesabu moja hadi kumi kwa zote tano, akataja viungo vya mwili, watu wakacheka na kupiga makofi. Pacha alikuwa akimkanyaga mguu chini ya meza. Baba akamwambia mbele ya wote aache kumkanyaga, yeye anaeleza udugu.

Ni maneno yake yaliyoandikwa kuwa sababu. Alifunga lugha yake mwenyewe, kaka, kwa kuisifu.

Siku uamuzi ulipotoka, Pacha alikuja nyumbani akiwa tayari kuacha kazi. Mama alikuwa jikoni akasikia yote. Baba alimwomba abaki, kisha akamwomba na jambo la pili. Alimwambia, "Nikirudi kijijini na jambo hili, nitawatazama vipi? Waache waseme ni wewe." Pacha akasema, "Mabega ninayo."

Akayabeba matusi yetu miaka yote hiyo. Baba akatuacha tumtukane, akila chakula nasi meza moja. Nampenda Baba na nina hasira naye, na sina pa kuipeleka kwa sababu nimekwishamzika.

Niliporudi kazini nilimngoja Pacha amalize kusoma. Miaka yote hii hajazoea bado kusoma bila Baba. Kabla ya kila habari hunyoosha mkono kushoto kupokea karatasi, kisha hukumbuka, akaurudisha. Nilipoingia nikamwambia kwamba Mama amenieleza. Hakuniuliza kuhusu lango wala jua. Alisema tu, "Tangu aondoke, sina mtu wa kuniambia kwa lugha yenu nimjibu kwa yangu."

Mimi lugha yetu naielewa, kaka, lakini kinywani inanikataa, unajua mlivyokuwa mkinicheka. Wewe Baba alikufundisha ukakolea. Hapa kwetu, ukimtoa Shangazi na wazee wachache, umebaki wewe. Nakuomba umpigie. Usianze kwa kuomba msamaha, atakukatiza. Anza na salamu, ile ndefu ya Baba, kisha unyamaze umsikie akijibu kwa yake.

Mama anakusalimu sana. Anasema viatu ataviondoa ukishapiga. Wabusu watoto, na kama hujawafundisha hata kuhesabu, anza na moja.

Ni mimi mdogo wako,
Kitindamimba